Marafiki wa maktaba ya chuo kikuu: kundi la namna gani litatufaa?

Anayetaka kuisaidia maktaba ya chuo kikuu katika ukanda wetu huu, kuanzia Njoro na Nakuru hadi Kisumu, Maseno, Bondo, Kakamega na Bungoma, ana njia nne mbele yake. Anaweza kujiunga na kundi linaloendeshwa na maktaba yenyewe chini ya mkutubi mkuu. Anaweza kushirikiana na wenzake kusajili chama huru chenye katiba na akaunti yake ya benki. Anaweza kupitia kamati ndani ya chama cha wahitimu. Au, akiwa bado mwanafunzi, anaweza kuanzisha klabu chuoni. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kuazimia kusaidia, ila hajajua aingilie mlango upi.

Mizani ninayoitumia ni maswali matatu: fedha zikichangwa zitakaa mikononi mwa nani, ni nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu kitabu kinachoingia rafuni, na ni nani atakayeendeleza kazi waanzilishi wakihama au wakistaafu. Nimeyatanguliza maswali haya kuliko lile la nani hukusanya fedha nyingi zaidi, kwa sababu kundi lenye fedha nyingi ambalo halijayajibu huishia kuwa mzigo mpya kwa maktaba ambayo lilikusudia kuipunguzia mizigo.

Desturi ya marafiki wa maktaba imepita karne moja. Mjini Paris, chama cha marafiki wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kilianzishwa mwaka 1913; mwaka 1925 Chuo Kikuu cha Oxford kikapata Marafiki wa Bodleian, maktaba yake kuu, na mwaka huohuo maktaba ya Harvard nchini Marekani ikapata kundi lake. Maktaba hizo tayari zilikuwa na wafanyakazi, majengo na bajeti, na marafiki wake walijishughulisha hasa na kununua miswada na vitabu adimu ambavyo bajeti ya kawaida isingevifikia. Kwetu hali ni nyingine. Maktaba nyingi za vyuo vyetu vya umma hazilii kwa kukosa mswada wa karne ya 15. Zinalia kwa viti, taa, vitabu vya kiada vinavyogombaniwa na darasa zima, na kompyuta zinazofanya kazi. Ndiyo maana sishauri mtu anakili katiba ya kundi la Ulaya neno kwa neno. Hata hivyo, kuna kanuni moja ya wenzetu hao ambayo ningependa ishikwe kwa mikono miwili: rafiki hununua kile ambacho bajeti haiwezi kukifikia, wala hageuki kuwa kisingizio cha chuo kutonunua kile kinachopaswa kununuliwa. Kundi litakaloanza kulipia karatasi za mashine ya kuchapisha na mishahara ya vibarua litakuta mwaka unaofuata kwamba gharama hizo zimeondolewa katika bajeti ya chuo, na hazitarudi kwa urahisi.

Kundi chini ya mkutubi mkuu

Hii ndiyo njia nyepesi kuanza. Hakuna usajili unaohitajika, mahali pa kukutania papo, na mkutubi anajua mahitaji yalipo. Mwalimu mstaafu anayeishi Luanda, karibu na Maseno, au Kisumu na mwenye saa chache kwa wiki anaweza kupangiwa kazi mara moja: kurudisha vitabu rafuni kwa utaratibu wa nambari zake, kuvishona na kuvigundisha vilivyochanika, kuwaelekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta kitabu katika katalogi, au kuwasomea wasioona.

Kazi hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa hapa njia hii inazishinda nyingine zote. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za vitabu kwa breli, kwa sauti au kwa maandishi makubwa kwa ajili ya watu wasioona au wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kumwomba idhini mwenye hakimiliki, mradi kazi hiyo isifanywe kwa faida. Maktaba ya chuo inaweza kusimama chini ya mwavuli huo. Kikundi cha marafiki kinachorekodi vitabu sebuleni kwa mwanachama na kuvisambaza kwa simu hakina kinga kama hiyo. Katika chuo kama Maseno, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifundisha elimu ya mahitaji maalumu, wasomaji kumi wa kujitolea wenye sauti safi, wanaorekodi ndani ya maktaba na chini ya usimamizi wa mkutubi, wangekuwa msaada mkubwa kuliko sanduku zima la vitabu vilivyotoka ng'ambo. Ninasema hivyo nikijua kwamba sanduku la vitabu ndilo hupigwa picha.

Kwa upande mwingine, kundi la ndani lina udhaifu unaotokana na nguvu zake zilezile. Fedha zinazochangwa huingia katika akaunti ya chuo, na katika chuo cha umma hutumika kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, pamoja na mikono yote ambayo hati ya malipo hupitia. Utaratibu huo una sababu zake, nami siupingi, lakini mwanachama aliyetoa shilingi elfu mbili mwezi wa pili akitarajia kuona rafu mpya mwezi wa nne huenda akakata tamaa. Jambo jingine ni kwamba kundi hili haliwezi kusema kwa sauti kubwa pale paa linapovuja na uongozi wa chuo umenyamaza, kwa kuwa mwenyeji wake ni mwajiriwa wa uongozi huohuo. Aidha, mkutubi aliyelianzisha akistaafu, mara nyingi kundi humfuata nyumbani.

Palipo na kundi la namna hii, pawepo pia hati fupi inayotiwa saini na kila anayejitolea, kwamba hatafungua wala kusimulia rekodi za nani ameazima nini. Rekodi hizo ni taarifa za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamfunga anayejitolea kama inavyomfunga anayelipwa.

Chama huru kilichosajiliwa

Njia ya pili ina makaratasi mengi zaidi na ndiyo inayozua maswali mengi, kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda mrefu kidogo. Nchini Kenya, watu kumi au zaidi wanaoungana kwa lengo moja huangukia chini ya Sheria ya Vyama, na hutakiwa kumwendea Msajili wa Vyama wakiwa na katiba na majina ya viongozi. Iwapo kundi ni la watu wa eneo moja na lina shughuli za kijamii, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inatoa mlango mwingine, kupitia ofisi za maendeleo ya jamii zilizo karibu na wananchi. Wale wanaotazamia wafadhili wakubwa wa nje wanaweza kufikiria Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotungwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024; ila kwa marafiki wa maktaba moja ya Bondo au Kakamega, naona hilo ni joho kubwa kuliko mwili. Kikundi cha jamii au chama cha kawaida kinatosha kabisa.

Faida ya kwanza ya chama huru ni fedha kuonekana. Chama kina akaunti yake, watia saini watatu, na nambari ya kulipia kwa M-Pesa iliyounganishwa na akaunti hiyo ili kila shilingi iache alama. Michango isipokewe kamwe kwa simu ya mweka hazina, hata kama mweka hazina huyo ni mcha Mungu anayejulikana na kijiji kizima. Mtu mwaminifu ndiye hasa anayestahili kulindwa dhidi ya shaka. Sheria ya Vyama yenyewe inataka mkutano mkuu kila mwaka na taarifa ya fedha zilizoingia na zilizotoka, na wanachama waliokulia katika vyama vya kuweka akiba wanaelewa utaratibu huo kuliko wanavyoelewa wahasibu wengi wa vyuo.

Faida ya pili haizungumzwi sana, nayo ni uuzaji wa vitabu. Makundi mengi ya marafiki duniani hupata fedha kwa kuuza vitabu vilivyotumika, na mtu anaweza kudhani kwamba maktaba ya chuo cha umma ingeweza kufanya vivyo hivyo na vitabu vyake vilivyochakaa. Haiwezi, angalau si kwa meza iliyowekwa nje ya lango. Kitabu kilichogongwa muhuri wa chuo cha umma ni mali ya umma, na kukiondoa hupitia kamati ya kuondoa mali na njia zilizowekwa na ile sheria ya mwaka 2015, kama vile mnada wa hadhara, zabuni au kuhamishia taasisi nyingine ya umma. Lakini kitabu ambacho msomaji wa mtaa wa Milimani au wa Section 58 amekitoa kwa chama, kikakaguliwa na kuonekana hakihitajiki maktabani, hakikuwahi kuwa mali ya chuo. Chama kinaweza kukiuza Jumamosi hiyohiyo na kununulia fedha zake kitabu kinachohitajika. Kwa vyuo vya binafsi kama Kabarak, sheria hiyo ya mali ya umma haihusiki, na hapo faida hii ya chama huru inapungua sana. Ndiyo maana jibu la Kabarak, karibu na Nakuru, na jibu la Egerton kule Njoro yanaweza kutofautiana ingawa ni safari fupi ya matatu.

Faida ya tatu ni imani ya watu wa nje ya chuo. Magharibi mwa Kenya kuna karatasi nyingi zilizolala masandukuni: kumbukumbu za mikutano ya vyama vya ushirika, daftari za ubatizo, barua za Kidholuo na za lugha za Kiluhya, picha za watu waliofanya kazi katika reli tangu ilipofika Kisumu mwaka 1901. Familia haitoi vitu kama hivyo kwa taasisi inayoiona kuwa ni ya mbali. Huvitoa kwa mtu inayemjua, aliyeketi nao kwenye matanga na harusi, akawaeleza kwa utulivu kwamba picha itanakiliwa na kurudishwa. Chama huru chenye wazee wa mitaa, mapasta, walimu wastaafu na wakulima kinafika mahali ambapo barua rasmi ya chuo haifiki. Sharti ni kwamba kila kinachopokewa kiandikiwe hati: je, kimetolewa moja kwa moja, kimewekwa amana, au kimeazimwa ili kinakiliwe? Nani ataruhusiwa kukisoma, na baada ya muda gani? Bila hati hiyo, mjukuu atakayerudi baada ya miaka ishirini kudai barua za babu atakuwa na haki, na maktaba haitakuwa na la kumjibu.

Sasa udhaifu wake. Chama huru huchosha watu wachache: mwenyekiti, katibu na mweka hazina hujikuta wakibeba kila kitu, na mwaka wa tatu mikutano hukosa akidi. Huvutia pia wanasiasa, kwa sababu harambee ya vitabu ni jukwaa zuri. Mgeni wa heshima akishaahidi fedha mbele ya kamera, chama hujikuta kikiitwa kwa jina lake, na wapinzani wake hawatachangia tena. Ningeweka ndani ya katiba kwamba asiyetoa mchango siku hiyohiyo asitangazwe, na kwamba mtu anayewania kiti cha kisiasa ajiuzulu uongozi wa chama. Zaidi ya yote, chama kinaweza kununua visivyohitajika. Dawa yake ni hati ya maelewano kati ya chama na chuo, yenye kurasa mbili tu, inayosema wazi kwamba chama huchangisha na kupendekeza, bali uamuzi wa kinachoingia rafuni ni wa mkutubi peke yake.

Wahitimu na wanafunzi

Kamati ya wahitimu ina nguvu ambayo makundi mengine hayana: inafikia watu waliotawanyika Nairobi, Mombasa, Uingereza na Marekani, wenye kipato na wenye kumbukumbu nzuri za maktaba walimokesha. Kwa jambo kubwa la mara moja, mathalani umeme wa jua wa kuendesha ukumbi wa kusomea usiku, hakuna njia bora zaidi. Tatizo ni mapenzi ya wahitimu kwa vitu vyenye bamba la jina. Ni rahisi kuwachangisha kwa ajili ya chumba kipya na vigumu kuwachangisha kwa ajili ya kujalidi magazeti ya zamani. Tena kamati hiyo humweka nje mkulima wa Njoro anayesoma machapisho ya kilimo ya Egerton, chuo kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, kwa sababu tu hakusomea pale. Kwa maoni yangu, mkulima huyo ni rafiki wa maktaba kwa maana kamili.

Klabu ya wanafunzi haihitaji maneno mengi. Ina mikono mingi na ari, haina fedha, na uongozi wake hubadilika kila mwaka. Inafaa kwa kampeni za usafi wa vitabu, kwa kuelekezana katika matumizi ya hifadhi za kidijitali, na kwa kumweleza mkutubi mahitaji halisi ya darasani. Isipewe funguo za stoo wala dhamana ya fedha, na isitumiwe kujaza nafasi ya mfanyakazi ambaye chuo kilipaswa kumwajiri.

Vitabu vya msaada na majarida ya kidijitali

Kuna mambo mawili ambayo huonyesha tofauti za makundi haya kwa uwazi zaidi kuliko katiba zao.

La kwanza ni vitabu vya msaada. Kitabu cha bure hakiji bure: hukaguliwa, huorodheshwa, hupewa nambari kwa mfumo unaotumika, ambao katika vyuo vyetu vingi ni ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, hubandikwa lebo, kisha hukalia nafasi ya rafu kwa miaka. Kitabu cha kompyuta kilichochapishwa mwaka 1998 au cha tiba kilichopitwa na mapendekezo ya leo humdhuru mwanafunzi anayekiamini. Zaidi ya hapo, hewa ya Kisumu na mvua za Kakamega ni adui wa karatasi; sanduku moja lenye ukungu likiingizwa stoo bila kutengwa huambukiza rafu nzima. Kundi la ndani ya maktaba linajua kukataa, kwa sababu wanachama wake ndio watakaofuta ukungu huo. Kamati ya wahitimu hukataa kwa shida, kwa kuwa mtoaji ni rafiki wa mwenyekiti. Chama huru kiko katikati: kikiwa na sera ya zawadi iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, hukataa bila kumvunjia mtu heshima, na kinaweza kuelekeza vitabu vya watoto na vya hadithi kwenye maktaba ya umma ya Kisumu, Nakuru au Kakamega vinakohitajika zaidi.

La pili ni majarida ya kidijitali. Maktaba za vyuo vikuu nchini huungana katika muungano uitwao KLISC ili kupatana bei na wachapishaji, na ada hulipwa kila mwaka. Hapa nina msimamo mkali: kundi lolote la marafiki, la aina yoyote, lisichukue ahadi ya kulipia majarida hayo. Mwaka ambao michango itapungua, ufikiaji utakatwa, na watafiti watabaki katikati ya kazi. Gharama inayojirudia ni ya chuo. Marafiki walipie vitu vinavyokamilika: mashine ya kuchanganua picha, kabati lisiloingiza unyevu, viti arubaini, mafunzo ya mfanyakazi mmoja.

Wa kuchagua kipi

Kama maktaba yako inakosa mikono, yaani vitabu vimerundikana mezani na wasioona hawana wa kuwasomea, jiunge na kundi la ndani, na usiingize fedha hata kidogo mwaka wa kwanza. Kama ni chuo cha umma na kinachokosekana ni fedha ndogondogo za mfululizo, au unataka kukusanya kumbukumbu za jamii, sajili chama huru; hili ndilo chaguo langu kwa Maseno, Egerton, Masinde Muliro, Kibabii na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo. Kama kuna mradi mmoja mkubwa wenye makadirio yaliyokwisha kuandikwa, wafuate wahitimu, lakini mpatane kabla ya siku ya uchangishaji ni nani atakayelipia matengenezo. Kwa chuo cha binafsi, kundi la ndani lenye akaunti ndogo iliyotengwa na kukaguliwa litatosha mara nyingi.

Njia hizi zinaweza kuunganishwa, na mpangilio ninaoupendekeza ni kuanza na kazi za mikono ndani ya maktaba, kuwajua wafanyakazi kwa majina, kisha kusajili chama pale tu ambapo kuna jambo mahususi la kulipia. Usajili unaotangulia kazi huzaa viongozi wengi na wanachama wachache.

Kabla ya kikao cha kwanza, mwendee mkutubi mkuu na umwombe mambo matatu: sera ya maktaba kuhusu zawadi, orodha ya vitabu vinavyoombwa mara nyingi zaidi na wanafunzi, na orodha ya vifaa alivyoviomba katika bajeti na kukataliwa. Orodha hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha pengo halisi lilipo. Mwaka wa fedha wa vyuo vya umma huanza tarehe 1 Julai, hivyo mazungumzo hayo yafanyike mapema, maombi ya idara yangali yanaandikwa, ili kinachoweza kulipwa na chuo kibaki kwa chuo, na marafiki waanze na kile kitakachobaki kimekatwa.